Je, Soko Halina Mungu? Mawe ya Atene Yajibu



Katika parokia yetu kumezuka ubishi juu ya kopo. Ndiyo, kopo tu, lile la kupimia unga na maharagwe sokoni. Tangu siku nyingi akina mama walikuwa wakilalamika kwamba makopo ya wachuuzi fulani yamepigwa nyundo kwenye tako, hata tako limeingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Mama ananunua makopo kumi, akifika nyumbani anapata nane. Basi sisi makatekista, pamoja na wazee kadhaa, tulitoa shauri: linunuliwe kopo moja zima, likae karibu na mlango wa soko mikononi mwa mkristu mwaminifu, kusudi kila mnunuzi akitaka apime tena alichonunua. Hatukuita polisi. Hatukutaja jina la mtu.

Kumbe tulikuwa tumechokoza nyuki! Wachuuzi, na wengi wao ni watu wa kukomunika kila Dominika, walituambia wazi: mambo ya Kanisa ni ya Kanisa, na mambo ya soko ni ya soko. Na katika mkutano baada ya Misa alisimama bwana mmoja aliyesoma sana, mtu tunayemheshimu, akawatetea kwa elimu yake. Alisema hata Wagiriki wa kale, baba za elimu yote, walijua kutenganisha. Dini waliiweka juu mlimani, katika hekalu za Akropoli. Na chini wakafanya uwanja wa soko na wa siasa, mahali pa akili ya watu peke yake, pasipo miungu. Ndiyo sababu, alisema, waliendelea kuliko mataifa mengine. Watu wakapiga makofi. Siku ile sisi tulinyamaza, maana jibu halikuwa tayari mdomoni. Leo tunalo.

Twende basi Atene tukauone uwanja huo.

Wengi wetu tukisikia neno Mgiriki tunakumbuka mwenye duka, maana wafanyabiashara Wagiriki walifika Katanga na penginepo katika Kongo tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini hapa tunasema juu ya mababu wa mababu zao. Chini ya mlima wa Akropoli, upande wa kaskazini-magharibi, kuna bonde lililojaa mawe yaliyovunjika, misingi ya nyumba na nguzo zilizokatika. Ndiyo agora, yaani soko na uwanja wa watu wa Atene. Kwa karne nyingi mahali hapo palifunikwa na nyumba za watu. Mwaka 1931 wataalamu wa chuo cha Marekani kilichoko Atene walianza kuchimba, na ilibidi nyumba karibu 400 zinunuliwe na kubomolewa. Upande wa kaskazini reli iendayo bandari ya Pireo ilikuwa imekwisha pasua uwanja tangu karne ya 19.

Na chini ya reli hiyo kuna nini? Altare! Altare ya Miungu Kumi na Wawili, iliyojengwa yapata mwaka 522 mbele ya Kristu. Sehemu yake kubwa imelala chini ya reli, lakini pembe yake ilionekana. Haikuwa altare ya pembeni. Kutoka hapo Waatene walihesabu mwendo wa njia zao zote: toka altare ya soko mpaka mji fulani ni kadiri hii. Mtu aliyefukuzwa na adui zake aliweza kuikimbilia, asiguswe. Basi kitovu cha nchi yao, mahali hesabu ya barabara zote ilipoanzia, kilikuwa altare, na altare hiyo ilikuwa sokoni. Bwana msomi alisema uwanja ule haukuwa na miungu.

Tuendelee. Kwenye mipaka ya uwanja yalisimamishwa mawe ya mpaka yapata mwaka 500 mbele ya Kristu. Baadhi yao yamepatikana yakiwa yamesimama palepale yalipowekwa. Maandishi yake yanasema kwa kinywa cha jiwe lenyewe kwamba lenyewe ndilo mpaka wa agora. Kwa nini soko liwekewe mpaka wa mawe? Kwa sababu ndani ya mpaka ule palikuwa mahali patakatifu kwa namna yao. Waliweka pia mabakuli ya mawe yenye maji ya kujitakasa, na sisi tuliozoea kuchovya kidole katika maji ya baraka mlangoni mwa kanisa hatuna haja ya kuelezwa maana yake. Tena hawakuruhusiwa wote kupita. Aliyekimbia vita alizuiwa. Aliyehukumiwa kwa kuwatendea vibaya baba na mama yake alizuiwa. Akionekana ndani, alikamatwa. Aliyeshtakiwa kwa kuua mtu alizuiwa vilevile. Hebu fikirini: mtu aliyewanyima wazazi wake chakula hakuweza kwenda kununua samaki! Kwetu anaweza kwenda, na kuuza pia, na pengine kukusanya sadaka.

Tena kuna jambo la Socrates. Bwana msomi analipenda jina hilo, tulilisikia kinywani mwake mara tatu. Socrates alikuwa na desturi ya kukaa sokoni kando ya meza za wabadilisha fedha na kuwauliza watu maswali. Mwaka 399 mbele ya Kristu alishtakiwa. Kwa kosa gani? Kwamba hawaamini miungu ya mji, na kwamba anawaharibu vijana. Alishtakiwa wapi? Kwa mkubwa aliyeitwa mfalme, aliyesimamia kesi za dini, ambaye baraza yake ilikuwa pembeni mwa agora yenyewe. Misingi ya baraza hiyo iligunduliwa mwaka 1970. Basi tunamwuliza bwana wetu kwa upole: kama uwanja ule ulikuwa wa akili peke yake pasipo dini, mzee huyo alinyweshwa sumu kwa sababu gani? Hatusifu hukumu ile, ilikuwa mbaya. Tunasema tu kwamba haikuweza kufanyika mahali kama pale alipotueleza.

Lakini tusikae mno kwenye altare. Sisi tulianza na kopo, na juu ya kopo Waatene wana neno.

Upande wa magharibi wa uwanja palikuwa na nyumba ya mviringo. Mji ulikuwa na baraza la watu 500, na hamsini kati yao, kwa zamu, walikula katika nyumba ile kwa chakula cha serikali. Wengine walilala humo, kusudi usiku na mchana pasikosekane wakubwa. Katika nyumba hiyo hiyo vilitunzwa vipimo vya haki. Si katika ghala ya pembeni. Walikopokula na kulala wakubwa wa nchi, ndipo palipokaa mawe ya mizani na vyombo vya kupimia. Wachimbaji wameokota vingi karibu na hapo: vyombo vya udongo vya kupimia nafaka, vimegongwa muhuri wa kichwa cha mungu wao Atena na ndege bundi, pamoja na neno la kusema kwamba ni mali ya watu wote. Wameokota pia mizani ya shaba ya yapata mwaka 500 mbele ya Kristu. Mmoja una uzito wa gramu karibu 795, na umechorwa kifundo cha mfupa, kusudi hata asiyejua kusoma aujue. Tazameni akili na huruma ya jambo hili. Waliwafikiri wasiosoma! Na sisi, kwa mama asiyejua hesabu, ndipo tunapochagua kopo lililopigwa zaidi.

Kwa kazi hiyo walichagua watu kwa kura kila mwaka: wasimamizi kumi wa soko, watano mjini na watano bandarini, kuangalia kwamba vitu vinauzwa safi visivyochanganywa na takataka, na wasimamizi kumi wa vipimo, watano na watano vilevile. Juu ya hao waliongeza walinzi wa nafaka, mwishowe 20 mjini na 15 bandarini. Hao waliangalia kwamba nafaka inauzwa kwa bei ya haki, kwamba msagaji anauza unga kwa kadiri ya bei aliyonunulia shayiri, na kwamba mkate una uzito ulioamriwa. Palikuwa pia na sheria iliyokataza kusema uongo sokoni. Uongo tu! Hata kabla ya kuiba.

Mwaka 1970 wachimbaji walipata jiwe lingine, lenye sheria ya mwaka 375 mbele ya Kristu, na sheria hiyo tungependa kila mchuuzi wa parokia yetu aisikie. Ilihusu fedha za uongo, zile zilizong'aa nje huku ndani ni shaba au risasi. Sheria iliamuru mpimaji akae kila siku kati ya meza za wabadilisha fedha. Akiletewa sarafu nzuri, airudishe. Akiiona ya uongo, aikate papo hapo kwa patasi, nayo iwe mali takatifu ya Mama wa miungu, ipelekwe katika nyumba ya baraza. Mchuuzi akikataa sarafu ambayo mpimaji ameikubali, vitu vyote anavyouza siku ile vinachukuliwa. Na mpimaji asipokaa kazini, au asipopima kwa haki, apigwe viboko 50. Maana mpimaji huyo alikuwa mtumwa wa serikali.

Sarafu ya uongo ilipelekwa kwa mungu wa kike. Sisi twajua kwamba mungu huyo ni kitu bure. Lakini wao hawakujua, na katika giza lao walijua jambo moja ambalo mbatizwa wa kwetu anataka kulisahau: kwamba udanganyifu wa sokoni si neno kati ya mwuzaji na mnunuzi tu, lazima umalizikie kwa Mungu.

Tusidhani kwamba kwa sheria hizo Waatene walikuwa malaika. Yapata mwaka 386 mbele ya Kristu Lysias aliandika hotuba ya kuwashtaki wachuuzi wa nafaka. Sheria ilikataza kununua zaidi ya vikapu 50 mara moja, wala faida isizidi oboli moja, nayo ni sarafu ndogo. Wao walinunua nyingi na kuficha. Na Lysias anaeleza namna yao: siku watu wanapoogopa, wao wanafurahi. Wanaeneza habari kwamba merikebu zimezama katika Bahari Nyeusi, au adui amezikamata, au bandari zitafungwa, kusudi bei ipande. Tulipofika hapo katika kusoma, tulicheka kwa uchungu. Nani kati yetu hajasikia asubuhi sokoni kwamba daraja limevunjika, kwamba lori limekwama, kwamba njia imekatwa na wenye bunduki, na jioni lori likaingia limejaa? Habari nyingine ni za kweli, Mungu atuhurumie, vita tumeviona. Ndiyo sababu za uongo zinaaminiwa. Adhabu ya wachuuzi wale kwa sheria ya Atene ilikuwa kifo. Sisi tuliomba kopo.

Hapa mtu atatushika shati na kusema: Mbona mnawasifu wapagani? Watu wale waliuza watumwa katika uwanja huo huo! Ni kweli, wala hatutaki kuficha. Katika agora mtu aliuzwa kama mbuzi. Fedha iliyopimwa kwa haki namna ile ilichimbwa Laurion na watumwa waliotambaa katika mashimo membamba chini ya ardhi, na sisi wa nchi ya machimbo hatuwezi kusoma habari hiyo kama hadithi ya mbali. Mwanamke hakupiga kura, wala mgeni, wala mtumwa. Haki yao ilifika kwenye kipimo cha ngano na kuishia hapo. Nao wakristu baadaye waliuza watu vilevile, na pwani yetu ya Kongo ilishuhudia. Basi hatusemi kwamba wapagani walikuwa wema kutupita. Twasema kwamba kwa jambo hili la kipimo walituzidi, na mtu aliyebatizwa aone haya akizidiwa na asiyebatizwa hata kwa jambo moja.

Sasa tumfikie Mtakatifu Paulo, kwa maana bwana msomi alimsahau kabisa, na huyo alipita katika uwanja ule kwa miguu yake. Ilikuwa yapata mwaka 50. Siku hizo agora haikuwa tena ile ya zamani. Warumi walikuwa watawala, na katikati ya uwanja, ambapo zamani watu walisimama kusikilizana, palijengwa jumba kubwa la muziki kwa zawadi ya Agripa, mkubwa wa Roma. Na hekalu nzima ilibomolewa kwingine ikaletwa kujengwa hapo. Sehemu ya biashara ilihamia soko jipya upande wa mashariki, lililojengwa kwa zawadi za Kaisari na Augusto. Watu walipokoma kujiamulia mambo yao, uwanja ulijaa sanamu na majumba ya sifa. Twalisema hilo tukipita tu, wenye masikio watasikia.

Paulo alifanya nini? Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinaeleza kwamba siku za Sabato alijadiliana na Wayahudi katika sinagogi, lakini sokoni alijadiliana kila siku na yeyote aliyemkuta. Kila siku! Hakusema: kazi yangu ni ya sinagogi, soko lina wenyewe. Alisimama kati ya wauza mafuta na wauza vitunguu, akabishana na wafuasi wa Epicurus na Wastoa. Na hao Wastoa walipata jina lao kutoka baraza moja ya agora hiyo hiyo, alipofundisha mwalimu wao Zeno yapata mwaka 300 mbele ya Kristu. Wachimbaji walianza kuifunua mwaka 1981. Walimtukana Paulo. Tusi lenyewe ni la soko: walimwita mdonoa punje, jina la ndege anayeokota mbegu, na la mtu anayezungukazunguka sokoni akiokota masalio. Mtume wa Mataifa aliitwa mwokota masalio, na hakuondoka.

Wengine husema kwamba Paulo alishindwa Atene, na kwamba hilo ni fundisho: Injili isishuke sokoni. Alishindwa? Dionisi wa Areopago aliamini. Mwanamke jina lake Damari aliamini, na wengine pamoja nao. Paroko gani angelia kwa mavuno hayo baada ya mahubiri moja? Na alipotoka Atene alikwenda Korinto, akafanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akwila na Prisila, mwaka mmoja na nusu. Kushona na kuuza. Kama alikuwa na kipimo chake cha kitambaa, nani atathubutu kusema kwamba kilikuwa kifupi?

Linabaki jibu moja ambalo wachuuzi wetu walilitoa kwa furaha, wakifikiri wametufunga mdomo: kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliwafukuza wafanyabiashara katika hekalu, basi alitenga biashara na dini. Ndugu zetu, someni vizuri. Yesu aliitoa biashara katika nyumba ya Mungu. Wapi alimtoa Mungu katika nyumba ya biashara? Njia ile ina mlango upande mmoja tu. Aliyezipindua meza za wabadilisha fedha hekaluni hakuzipa baraka zilizobaki nje. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, uliuhesabu utengano huu, imani upande mmoja na maisha ya kila siku upande mwingine, kuwa kati ya makosa mazito ya nyakati zetu. Si katekista wa kijijini aliyesema hivyo. Ni maaskofu wa dunia nzima pamoja na Papa.

Katika pembe ya kusini-mashariki ya agora kuna kanisa dogo la Mitume Watakatifu, lililojengwa yapata mwaka 1000. Wachimbaji walipobomoa nyumba zote, kanisa hilo hawakulibomoa. Walilitengeneza kati ya mwaka 1954 na 1956. Na ng'ambo, juu ya kilima kidogo, hekalu ya mungu wa wahunzi ilipata kuwa kanisa la Mtakatifu Jorji mpaka karne ya 19, na ndiyo sababu imesimama nzima kuliko hekalu nyingi za Ugiriki. Kati ya makanisa hayo mawili kuna soko lote: mawe ya mpaka, nyumba ya mviringo, mahali pa meza za fedha.

Turudi kwa kopo letu. Tumekwisha kulinunua, kwa fedha zetu wenyewe, tukachangiana franka kidogo kidogo. Ni zima, tako lake limenyooka, na mhunzi mmoja ametuchorea samaki ubavuni, kusudi hata asiyesoma alijue. Baadhi ya wazee bado wanakataza lisipelekwe sokoni mpaka ubishi utulie. Tumetii. Kwa sasa linakaa dirishani pa nyumba ya katekista, njiani mtu akitoka sokoni, upande wa kulia. Jumamosi iliyopita walipita akina mama saba kupima unga wao. Mmoja tu alikuta kipimo kimetimia, akarudi mbio sokoni kumshukuru mchuuzi wake, na mchuuzi huyo, tumeambiwa, hajabatizwa.